Istilahi za Uwekaji Hesabu: Taarifa ya Kadi Inapokosekana

Maneno kama ankara, stakabadhi, hundi, salio na urari yamekwisha kuzoeleka madukani na maofisini. Lakini matumizi ya kadi ya mkopo katika biashara yameleta hati ambazo majina yake yangali yakichanganywa. Madhara ya mchanganyiko huo hayaonekani wakati hati zote zipo. Hudhihirika pale taarifa ya mwezi mmoja inapopotea, na karani akalazimika kuijenga upya hesabu kwa kutegemea hati zilizosalia. Makala hii yakusudia kueleza kazi hiyo pamoja na istilahi zake.

Kwanza yafaa kutenganisha hati tatu:

(a) Ankara: hati ya muuzaji ya kudai malipo. Huthibitisha deni; haithibitishi kwamba deni limelipwa.

(b) Stakabadhi: hati ya kukiri kupokea malipo.

(c) Taarifa ya kadi: orodha itolewayo na benki kila mwezi, ikionyesha salio la mwanzo, manunuzi, riba na ada, malipo yaliyopokewa, na salio la mwisho.

Taarifa hutaja tarehe, kiasi na jina la muuzaji, lakini aghalabu haisemi ni kitu gani kilichonunuliwa. Stakabadhi nayo hukitaja kitu hicho, lakini haionyeshi riba inayotozwa na benki. Kwa hiyo hati moja haishiki nafasi ya nyingine. Mfasiri anayeziita zote "risiti" humnyima karani njia ya kujua ni ipi inayokosekana.

Taarifa ikipotea, hatua ya kwanza ni kuiomba benki nakala. Nakala ikichelewa, kanuni ifuatayo hutumika: salio la mwanzo, ukijumlisha manunuzi, riba na ada, na ukitoa malipo na marejesho, ni sawa na salio la mwisho. Tuchukue mfano wa duka ambalo taarifa yake ya Februari haipo. Taarifa ya Januari inafunga kwa deni la shilingi 820,000, na ile ya Machi inaanza na deni la shilingi 1,150,000. Taarifa ya akaunti ya benki inaonyesha kwamba Februari duka lililipia kadi shilingi 600,000, na hakuna bidhaa iliyorejeshwa. Basi manunuzi, riba na ada za Februari ni 1,150,000 kutoa 820,000, kuongeza 600,000, yaani shilingi 930,000. Stakabadhi zilizopatikana zikiwa za shilingi 790,000, pengo ni shilingi 140,000.

Pengo hilo haliandikwi kama gharama ya kubuni, wala halitafutiwi stakabadhi ya kughushi. Huwekwa katika hesabu ya muda mpaka ushahidi upatikane. Wengine huiita "hesabu ya mashaka". Jina hilo halifai, kwani "madeni ya mashaka" ni yale ambayo haielekei kwamba yatalipwa, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Pili, neno "matumizi" lataka uangalifu. Bidhaa inaponunuliwa kwa kadi, matumizi huandikwa siku ile ile, na deni la kadi huongezeka. Kuilipa kadi baadaye si matumizi mapya, bali ni kupunguza deni. Karani aliyekosa taarifa hushawishika kuandika zile shilingi 600,000 kuwa gharama za Februari, ilhali stakabadhi za manunuzi yaliyolipiwa zimekwisha kuingizwa. Gharama ile ile huhesabiwa mara mbili, faida huonekana ndogo kuliko ilivyo, na kodi hukosewa.

Tatu, na hapa ndipo mfasiri hukosea zaidi, ni neno "krediti". Katika taarifa ya kadi, malipo ya mteja huandikwa upande wa krediti, kwa sababu benki inaandika hesabu kwa upande wake. Ikiwa mfasiri atakumbuka "kadi ya mkopo" na kuandika "mkopo 600,000", malipo yatageuka kuwa deni jipya. Kosa hilo la neno moja litaongeza salio kwa shilingi 1,200,000. Twaona ni heri kubakiza "debiti" na "krediti" kwa pande mbili za leja, na kuliacha "mkopo" litaje fedha iliyokopwa tu.

Jambo hili halihusu wenye maduka peke yao. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya mwaka 2015, na Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya ya mwaka huo huo, humtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Isitoshe, marekebisho ya mwaka 2021 yaliifanya Tanzania itumie Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Hati za hesabu zikibishaniwa, tafsiri ya neno moja yaweza kuamua nani anamdai nani.

Kwa hiyo twapendekeza walimu wa biashara wafundishe hati hizi tatu kwa majina yao, na maofisa wanaodai hati waitaje ile hasa wanayoitaka. Taarifa iliyopotea yaweza kutafutwa, na hesabu yake yaweza kujengwa upya, maadamu majina ya hati zilizosalia hayakuchanganywa.