Msafiri Asiyejibu Askari

Atokaye Kigali kwenda Rusizi, ambako wazee wangali wakipaita Cyangugu, hupitia Huye kisha hukata msitu wa Nyungwe. Barabara hupanda zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kona baada ya kona, katika ukungu na baridi, ndipo iteremke hadi Kamembe kando ya Ziwa Kivu. Kwa mwenye afya safari hiyo ni uchovu tu. Kwa mwenye maradhi ya kudumu ni mtihani.

Mwenye seli mundu, baridi na upungufu wa maji mwilini vyaweza kumwamshia maumivu makali. Mwenye kifafa akikosa usingizi au dawa, huenda akaanguka. Mwenye kisukari akichelewa kula baada ya kudunga insulini, sukari humshuka: hutetemeka, hutoka jasho na maneno humpotea. Yuko pia mwenye usonji, ambaye ubongo wake hupokea sauti na misukosuko kwa namna yake. Honi na makelele yakimzidi, huziba masikio, hukwepa kutazamana na watu, au hunyamaza kabisa.

Wote hao hukutana na askari: penye kizuizi barabarani, kituoni mwa mabasi, au kwenye mpaka wa mto Ruzizi, ng'ambo ya Bukavu. Hapo ndipo penye hatari. Aliyeshukiwa na sukari hudhaniwa mlevi. Asiyejibu hudhaniwa mkaidi, pengine mhalifu. Akitiwa mahabusu bila kuulizwa, aweza kupoteza maisha.

Ndugu askari, twashauri mambo machache. Kabla ya kumshuku mtu, mwulizeni yeye au mwenziwe: je, unaumwa? Una dawa? Anayetetemeka, iwapo ana fahamu na aweza kumeza, apewe chai yenye sukari nyingi au soda. Asipopata nafuu upesi, apelekwe hospitali. Aliyeanguka kifafa alazwe ubavu wala asitiwe kitu kinywani. Degedege likipita dakika 5, apelekwe hospitali mara moja. Mwenye usonji atengwe na makelele, aulizwe swali moja moja kwa sauti ya chini, wala asishikwe ghafla. Sindano ya insulini isihesabiwe kuwa ushahidi wa dawa za kulevya, na chupa yake isiachwe juani.

Nawe msafiri, beba dawa mkononi wala si katika mzigo wa juu ya gari. Chukua barua ya daktari, maji, chakula na sweta, nawe umwarifu dereva mapema.

Rwanda ilijiunga mwaka 2008 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 13 kinataka polisi wafunzwe juu ya watu hao. Mafunzo yaweza kuanza leo, kwa swali moja la upole kabla ya pingu.