Kiango cha Wembe na Brashi ya Kunyolea

Kiango ni kifaa cha kuwekea au kutundikia kitu, na ijapokuwa neno hilo limezoeleka zaidi kwa taa, linakifaa pia kisimamio kidogo cha mbao kinachoshika brashi ya povu na mpini wa wembe baada ya kunyoa. Mpini unaokusudiwa hapa ni ule wa chuma wenye kichwa cha kubania wembe wa kubadilishwa, ambao King Camp Gillette wa Marekani alipata hataza yake mwaka 1904. Brashi ikisimamishwa kwa kitako chake ingali mbichi, maji huteremka hadi kwenye mashina ya nywele, yakatuama humo, na nywele huanza kung'oka. Ikitundikwa kichwa chini, maji hudondoka na hewa huzunguka pande zote.

Katika Kaunti ya Kajiado, zana ya kunyolea ina heshima ya tangu kale. Wamaasai huuita wembe olmurunya, na katika eunoto, sherehe ya kuwapandisha daraja morani, mama humnyoa mwanawe nywele ndefu za ujana wake. Zana yenye kazi nzito namna hiyo yastahili kuwekwa mahali pake.

Kwa fundi wa Embulbul, chini ya Milima ya Ngong, mbao inayofaa sana ni mtarakwa, aina ya mwerezi wa nyanda za juu ambao kiini chake, yaani sehemu ya ndani yenye wekundu, hustahimili mchwa na unyevu, na ndiyo sababu mti huo umetumiwa kwa miaka mingi kuwa nguzo za ua. Nguzo kuukuu hutosha kabisa, wala hapana haja ya kukata mti mwingine: juu ni ya kijivu na imepasukapasuka, lakini randa ikipita mara mbili tatu wekundu hujitokeza pamoja na harufu ya penseli iliyochongwa, kwa kuwa penseli nazo zilitengenezwa kwa mbao hiyo.

Kiango kina sehemu tatu: kitako cha sentimita 12 kwa 8, nguzo ya sentimita 14, na mkono wa juu wenye urefu wa sentimita 12 na upana wa 5. Mtarakwa hupasuka upesi, kwa hiyo misumari haifai; nguzo huchongwa ulimi kila ncha, na ulimi huo huingizwa katika tundu lililochimbwa kwa patasi, kisha hutiwa gundi isiyoyeyuka kwa maji. Nyuzi za mbao lazima zifuate urefu wa mkono, na nafasi za kutundikia zifunguliwe kutoka kwenye ncha zake, kwa sababu vidole vya mbao vilivyokatwa kukingama nyuzi huvunjika kwa kuguswa tu. Fundi hutoboa kwanza kwa keekee tundu la milimita 13 upande wa mpini na la milimita 25 upande wa brashi, akiwa amepima shingo ya brashi yenyewe, ndipo anapokata kwa msumeno kutoka nchani hadi tunduni.

Baada ya msasa, mbao hupakwa mafuta ya kitani mara tatu, kila mpako ukiachwa ukauke, na ncha za nyuzi huongezewa kwa kuwa ndizo zinywazo maji kuliko upande mwingine wowote. Matambara yaliyolowa mafuta hayo hayakunjwi wala kurundikwa, maana huweza kupata joto na kuwaka yenyewe. Hutandazwa nje hadi yakauke.

Ubora wa kiango hujulikana asubuhi ya pili, brashi inapoguswa na kukutwa kavu hadi mashinani, na kitako kilichopokea matone usiku kucha kikawa hakina hata alama ya maji.