Kambi Ikivunjwa, Yatima Arudi kwa Nani?

Katika Wilaya ya Tanganyika, ambayo Kasekese ni mojawapo ya kata zake, neno "kambi" lina uzito usioonekana katika kamusi. Wilaya hii ndiyo yenye Mishamo, na jirani yetu Nsimbo ndiyo yenye Katumba. Na tangu miaka ya 1970 Serikali iliziita sehemu hizo "makazi", haikuziita kambi, kwa kuwa nia ilikuwa watu waliokimbia vita wapewe jembe na ardhi, wasikae wakingoja mgao. Kambi ni mahali pa kupita. Makazi ni mahali pa kuishi.

Lakini ipo kambi ya namna nyingine, nayo ndiyo ninayotaka tuizungumze leo. Makanisa katika nchi nyingi huwakusanya watoto yatima, na watoto waliofukuzwa makwao na vita, wakawaweka pamoja kwa wiki moja au mbili. Hucheza, huimba, hula, husoma Biblia, kisha hurudishwa walikotoka. Ulaya na Marekani huitwa kambi za kiangazi, maana huko shule hufungwa kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa joto. Tangu vita vilipopamba moto Ukraine mwaka 2022, makanisa ya huko na ya nchi jirani yameziendesha kwa ajili ya watoto waliopoteza baba zao. Hapa kwetu makanisa nayo huwakusanya watoto na vijana nyakati za likizo. Tofauti ni kwamba likizo yetu ya Juni huangukia kipupwe, na mtoto anayelala hemani wakati huo huhitaji blanketi kuliko kofia ya jua.

Barazani huulizwa swali moja: je, watoto hawa wanalishwa, au wananaswa? Mimi ni mtu wa chuoni. Nilianza kusoma kwa ubao na wino kabla sijaingia shule ya Serikali, na ningeweza kujibu haraka kwa hisia. Sitafanya hivyo, kwa sababu wilaya yetu ina ushahidi wake yenyewe, wa karne moja na zaidi, na ushahidi huo hauko upande mmoja tu.

Tuanze na Karema, kwenye mwambao wa Ziwa. Mwaka 1879 Wabelgiji waliotumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili walijenga kituo chao hapo, na mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Shirika hilo la mapadre lenyewe lilizaliwa kutokana na yatima. Njaa na kipindupindu vilipoikumba Algeria mwaka 1867 na 1868, Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliwakusanya watoto zaidi ya elfu moja waliofiwa na wazazi. Nchi ilikuwa ya Waislamu, na Gavana MacMahon, ambaye naye alikuwa Mkatoliki, akabishana naye hadharani kuhusu yatima hao na dini. Mwaka huohuo wa 1868 shirika likaanzishwa. Kwa hiyo ndugu zangu wanaodhani swali letu la barazani ni jipya, au ni chuki ya Waislamu tu, wajue kwamba liliulizwa zamani, na likaulizwa na Mkristo.

Huku Karema mapadre waliwakuta watoto wakiuzwa. Biashara ya watumwa ilikuwa ingali hai katika mwambao, nao wakawanunua watoto ili kuwakomboa, wakawalea, wakawafundisha kazi, wakawabatiza, na walipopevuka wakawaozesha wao kwa wao na kuwapa mashamba karibu na misheni. Msomaji Mwislamu asiuruke mstari ufuatao: miongoni mwa waliokuwa wakiwauza watoto hao walikuwamo watu waliosali kama walivyosali babu zetu. Hatuwezi kulaumu mkono uliomnunua mtoto tukanyamazia mkono uliomuuza.

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa Adrian Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu yapata mwaka 1866, akaibwa angali mtoto, akavushwa jangwa, akanunuliwa na mapadre huko Algeria. Wakampeleka Malta kusoma uganga wa kizungu. Mwaka 1889 akafika Karema akiwa tabibu na katekista, na akawatibu watu wa mwambao huu hata alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67. Ni wangapi wetu, pamoja na hotuba zetu zote za kujitolea, tumewatumikia watu wa sehemu moja kwa miaka 67? Hata hivyo yatupasa kutazama na upande wa pili wa sarafu. Mtoto yule aliokolewa maisha yake, lakini hakurudishwa kwa mama yake. Jamaa zake, lugha yake na dini ya kwao vilibaki nyuma ya jangwa. Misheni ilikuwa ndiyo kambi yake, na kambi hiyo haikuvunjwa kamwe. Pengine kwa wakati ule hapakuwa na njia nyingine, maana kumrudisha mtoto njiani kulikuwa ni kumrudisha sokoni. Lakini jambo lililolazimika kwa ajili ya utumwa lisifanywe kuwa kanuni ya siku zote.

Ushahidi wa pili uko Mishamo na Katumba. Mwaka 1972 mauaji makubwa ya Burundi yaliwamaliza watu wengi mno, hasa wanaume waliosoma, na maelfu ya familia zikavuka mpaka zikiwa na watoto wasio na baba. Katumba ilianzishwa mwaka 1973. Ulyankulu, katika Mkoa wa Tabora, ilipojaa kupita kiasi, watu wake wengi walihamishiwa Mishamo kuanzia mwaka 1978, wakafyeka msitu na kujenga vijiji 16. Kazi hiyo iliongozwa na mapatano ya pande tatu: Serikali yetu, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na shirika la Kikristo la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 na Walutheri.

Hapa ndipo penye somo, na naomba msomaji atulie nami kidogo. Fedha za TCRS zilitoka katika makanisa ya Kilutheri. Wakimbizi wenyewe wengi wao walikuwa Wakatoliki na Wapentekoste, na Waislamu walikuwamo. Kama mgao wa unga ungekuwa ndio bei ya dini, basi Mishamo nzima ingalikuwa ya Kilutheri. Haikuwa hivyo. Visima vilichimbwa, barabara zikapasuliwa, zahanati na shule zikajengwa, na kila watu wakabaki na ibada yao waliyokuja nayo. Shule zilifuata mtaala wa Serikali kwa Kiswahili, na mwaka 1985 makazi yakakabidhiwa kwa Serikali. Yatima wengi walilelewa na shangazi, na wajomba, na majirani waliokimbia nao, ndani ya nyumba za kawaida zenye shamba. Watoto wale na wajukuu wao ni miongoni mwa watu wapatao 162,000 waliopewa uraia wetu mwaka 2010, na vyeti vyao vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Kwa hiyo si haki wala si adabu mtu wa Kasekese kumwita jirani yake wa Mishamo "mkimbizi". Ni raia mwenzake.

Ni kitu gani kilichozuia mgao wa unga usigeuke chambo? Si kwamba Walutheri ni malaika. Ni mapatano yaliyoandikwa, na mkono wa Serikali uliokuwapo. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951, ambao nchi yetu iliingia mwaka 1964, unawapa wakimbizi uhuru juu ya elimu ya dini ya watoto wao. Mkataba wa haki za mtoto wa mwaka 1989 nao unataka kwamba mtoto aliyekosa familia akilelewa mahali pengine, dini yake, utamaduni wake na lugha yake viangaliwe. Na sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kuonja jambo hili, kwa sababu Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni mikononi mwa Serikali ili mtoto asiulizwe dini yake mlangoni. Mimi ni mmoja wa waliofaidi matunda yake. Kilipofika kipindi cha dini, Wakristo walikwenda kwa mwalimu wao, nasi kwa maalimu wetu. Kengele ikilia tulirudi dawati moja. Sioni kwa nini kambi ya likizo ishindwe kufanya hivyo.

Sipuuzi faida ya kambi. Mtoto aliyeona nyumba yake ikiungua hajui tena kucheza, na wiki moja ya mpira, ngoma, chakula cha moto na mtu mzima anayemwita kwa jina lake si jambo dogo. Wale wanaobeza kwamba "ni michezo tu" hawajamtazama mtoto anayelala na viatu miguuni kwa kuogopa kukimbizwa usiku. Tena nasema kwa uchungu: sisi tunaolalamika misikitini kwamba makanisa yanawachukua yatima, kambi yetu iko wapi? Sura fupi ambazo mtoto huanza nazo chuoni zinamtaja yatima, na Mtume mwenyewe alikuwa yatima. Mwalimu wetu wa chuo hakupokea ada ya Alhamisi kwa mtoto asiye na baba. Hivi leo tunapokea ada ya nani, na tunamsaidia nani? Na sisi wa Chama, tunaowapanga Chipukizi mistari wakati wa sherehe, tumewahi kuhesabu ni wangapi kati yao waliokuja bila kunywa uji?

Ila wema peke yake hautoshi. Mwezi Oktoba 2007 kikundi cha Wafaransa kilikamatwa huko Abéché, nchini Chad, kikitaka kuwapandisha ndege watoto 103 waliosemwa kuwa ni yatima wa vita vya Darfur. Ikabainika kwamba wengi wao walikuwa watoto wa Chad wenye wazazi walio hai. Mwezi Januari 2010, baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, Wabatisti kumi wa Kimarekani walikamatwa mpakani wakiwa na watoto 33 waliotaka kuwapeleka katika kituo cha yatima nchi jirani. Huko nako wazazi walijitokeza. Sidhani watu hao waliamka asubuhi wakikusudia ubaya. Walikuwa na haraka, na neno "yatima" lilikuwa limekwisha kuwapofusha. Baada ya mwaka 1994, watoto wa Rwanda waliopotezana na wazazi walipokuwa makumi ya maelfu, Msalaba Mwekundu na wenzake walifuata njia ya polepole zaidi: waliwaandikisha, wakawapiga picha, wakazibandika picha hizo makambini ili mama apate kumtambua mwanawe. Kazi hiyo haina nyimbo wala vigelegele, lakini iliwarudisha watoto wengi kwao.

Hatari ya kambi, kwa maoni yangu, haiko sana katika wimbo unaoimbwa asubuhi. Iko siku kambi inapovunjwa. Mtoto amezoea watu kwa siku kumi, amekumbatiwa, amepigwa picha na mgeni. Mgeni anapanda gari, vumbi linatimka, na mtoto anafiwa mara ya pili. Kama nyuma yake yupo bibi, au kaka, au mlezi aliyejua kwamba mtoto alikwenda wapi na atarudi lini, kambi itakuwa imemwongezea kitu. Kama hayupo, basi mwenye kambi mwakani atamkuta mtoto huyohuyo akimngoja, na hapo ndipo dini inapogeuka kuwa bei ya chakula, hata kama hakuna aliyeitaja.

Jambo hili halihitaji tume wala sheria mpya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo, afisa ustawi wa jamii yupo, mtendaji wa kijiji yupo, na balozi wa shina anajua kila mtoto analala nyumba gani. Kanisa litakalotaka kuwakusanya yatima wetu katika likizo ya Juni, au msikiti, lipeleke orodha ofisi ya kijiji kabla shule hazijafungwa. Liandike jina la mtoto, dini ya wazazi wake, na katika safu ya mwisho jina na sahihi ya mtu atakayempokea siku ya kurudi. Mtoto ambaye safu yake ni tupu asipandishwe gari kwanza. Huyo ndiye ambaye balozi na mchungaji, na maalimu pia akiwapo, watamzungukia nyumba kwa nyumba hadi jina lipatikane.