Uvumi na Ukimya wa Dola

Nadharia za njama hazizaliwi na ujinga wa raia, bali na dola inayoziba njia za kuhakiki habari. Baada ya tarehe 29 Aprili 2020, takwimu za korona zilikoma kutangazwa Tanzania Bara kwa zaidi ya mwaka mmoja. Tarehe 3 Mei, akiwa Chato, wilaya iliyomegwa kutoka Biharamulo, Rais Magufuli alishuku hujuma katika maabara ya taifa. Katika siasa za zama hizo, neno “mabeberu” lilitosha kuwa ushahidi. Machi 2021 uvumi wa ugonjwa wake ulienea. Waziri Mkuu aliukanusha, polisi wakawakamata waliotuhumiwa kuusambaza. Tarehe 17 kifo chake kikatangazwa. Raia akishajifunza kwamba kinachokanushwa ndicho kweli, hupoteza kipimo cha kuutambua uongo.