Anne Rice: Msiba uliozaa riwaya ya wanyonya damu

Kama umetazama tamthilia ya Interview with the Vampire, huenda hujui kwamba yule binti Claudia ametokana na msiba wa kweli.

Mwaka 1972 Anne Rice, mzaliwa wa New Orleans, Marekani, alimzika mwanawe Michele, aliyefariki kwa saratani ya damu kabla hajatimiza miaka 6. Mwaka uliofuata akaandika riwaya kwa wiki chache tu. Ndani yake kuna mtoto wa miaka mitano anayegeuzwa mnyonya damu: hakui, lakini pia hafi kwa ugonjwa. Hapo unaelewa mama alikuwa anatafuta nini.

Kitabu kilitoka 1976, filamu ikafuata 1994. Rice alimpinga hadharani Tom Cruise kupewa uhusika, halafu alipoiona filamu akamsifu!

Runinga ilichelewa zaidi. AMC ilinunua haki mwaka 2020, na tamthilia ikaanza kurushwa Oktoba 2022. Humo Claudia kaongezwa umri, ana miaka 14, na Louis ni mtu mweusi, wakati kitabuni ni Mzungu mwenye watumwa.

Rice hakuiwahi. Alifariki Desemba 11, 2021, akiwa na miaka 80.