BETRI ZA MAGARI YA UMEME ZABADILIKA: KASESE NA ASKARI WAJIFUNZE NINI?

Msafiri atokaye mjini Kasese kuelekea Fort Portal hupita Kitswamba, milima ya Rwenzori ikiwa kushoto kwake. Askari wa usalama barabarani katika njia hii wamezoea malori ya saruji ya Hima, mabasi na pikipiki. Gari la umeme bado ni mgeni. Lakini mgeni huyu ana undugu wa zamani na wilaya hii, maana kobalti, madini ambayo kwa miaka mingi yamekuwa kiungo muhimu cha betri nyingi za aina hiyo, yalipata kuzalishwa hapa hapa Kasese. Leo mafundi wa dunia wanaiunda betri hiyo upya. Badiliko hilo latuhusu kwa njia mbili: lagusa thamani ya madini yetu, na lagusa kazi ya askari anayefika kwanza penye ajali.

LUNDO LA KILEMBE

Reli ilipofika Kasese mwaka 1956, shaba ya Kilembe ilianza kusafirishwa hadi Jinja, ambako iliyeyushwa. Baada ya shaba kuchujwa, lilibaki lundo kubwa la piriti, yaani mchanga wa mawe yaliyosagwa wenye chuma na salfa, na ndani yake kobalti kidogo. Maji ya mvua yalipopita humo yaligeuka tindikali na kutiririka kuelekea mbuga ya Queen Elizabeth. Kuanzia mwaka 1999, kampuni ya Kasese Cobalt ilitoa kobalti katika lundo hilo kwa msaada wa bakteria wanaoyeyusha piriti, ikitumia umeme wa maji ya mto Mubuku. Kilichokuwa taka kikawa mali. Ilipofika mwaka 2014, lundo hilo lilikuwa limekwisha.

JOTO NDILO ADUI

Betri kubwa ya gari la umeme si kama ile ya kuwashia lori. Ni jeshi la seli ndogo ndogo. Kwa desturi ya zamani, seli hufungwa katika visanduku, navyo visanduku hupangwa ndani ya sanduku kuu chini ya sakafu ya gari, mfano wa askari katika vikosi na vikosi katika brigedi.

Tuchukue Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa mwaka 2010. Sanduku lake lilikuwa na seli 192 katika visanduku 48, likihifadhi nguvu ya kilowati-saa 24. Halikuwa na maji ya kulipoza. Mwaka 2012, wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, Marekani, ambako jua ni kali, walilalamika kuwa betri zao zilikuwa zikipungukiwa nguvu upesi. Kwa magari ya mwaka 2015 kampuni ilibadili kemikali za seli ili zistahimili joto. Katika gari jipya lililofuata mwaka 2017, seli zilikuwa 192 vile vile, lakini visanduku vilipunguzwa vikawa 24, na nguvu ikapanda hadi kilowati-saa 40. Gari la kizazi cha tatu, lililotangazwa mwaka 2025, hatimaye likapewa mfumo wa kupoza betri kwa maji.

Wachina walikwenda mbali zaidi. Machi 2020, kampuni ya BYD ilionyesha betri yenye seli ndefu na nyembamba, karibu urefu wa mita moja, zilizolazwa sambamba kama mapanga. Visanduku vya kati viliondolewa kabisa. Seli zenyewe zikawa mihimili ya kulitia sanduku nguvu. Faida yake ni kwamba nafasi iliyokuwa ikiliwa na vyuma na misumari sasa hujazwa seli. Hasara nayo ipo: zamani fundi aliweza kung'oa kisanduku kimoja kibovu na kutia kingine, bali betri ya namna hii ni vigumu kuikarabati kwa sehemu. Kwa nchi inayonunua magari yaliyokwisha kutumika, hilo ni jambo la kupimwa kabla ya kutoa fedha.

KOBALTI YAONDOKA, SHABA YABAKI

Seli hizo za BYD ni za fosfati ya chuma na lithiamu. Hazina kobalti wala nikeli. Kwa uzito ule ule hubeba umeme kidogo kuliko zenye kobalti, lakini ni rahisi, hudumu miaka mingi, na hazishiki moto upesi. Mwaka 2021 kampuni ya Tesla ilitangaza kuzitumia katika magari yake ya bei ya chini duniani kote, na kufikia mwaka 2024 karibu nusu ya betri za magari ya umeme duniani zilikuwa za aina hiyo.

Jirani zetu ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe waliona soko la kobalti likiyumba. Kongo, ambayo huchimba zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, ilisimamisha kuiuza nje Februari 2025 kwa sababu ilizidi sokoni na bei ikaanguka. Oktoba mwaka huo ikaweka viwango vya mauzo. Kwa hiyo kijana wa Kasese anayeota utajiri wa kobalti peke yake ajenga juu ya mchanga. Shaba ni habari nyingine: gari la umeme, betri yake iwe ya kemikali yoyote, huhitaji shaba nyingi kuliko gari la petroli.

Nasi Waganda hatukubaki watazamaji. Kiira EV ya Chuo Kikuu cha Makerere ilionyeshwa Novemba 2011, basi la jua la Kayoola mwaka 2016. Kiwanda cha Kiira Motors kilijengwa Jinja na NEC, shirika la uzalishaji mali la jeshi letu.

WAJIBU WA ASKARI

Ndugu askari, ukifika penye ajali ya gari la umeme, usidhani limezimika kwa kuwa halingurumi. Nyaya nene za rangi ya machungwa hubeba mamia ya volti. Usizikate wala kuzigusa. Sanduku la chini likibonyea, likitoa moshi au mlio wa kufoka, waondoe watu na usimame upande utokako upepo, kwa maana gesi yake ni sumu na huweza kulipuka. Moto wake hutaka maji mengi, tena kwa muda mrefu.

Betri iliyoumia huweza kuwaka tena baada ya saa nyingi, hata siku kadhaa. Kwa hiyo mabaki yasivutwe na kubanwa katikati ya magari mengine kwenye uwanja wa kituo cha polisi. Yawekwe peke yake, mbali na majengo, umbali wa mita 15 au zaidi. Gari lisikokotwe huku magurudumu yanayoendeshwa na mota yakiviringika, kwani mota yenyewe huzalisha umeme. Lipakiwe juu ya lori. Na gari lililozama katika mafuriko, kama yale ya mto Nyamwamba ya mwaka 2013 na 2020, lisiwashwe wala kuchajiwa kabla fundi hajalikagua.

Betri mpya haziwaki upesi kama za zamani, lakini hakuna hata moja isiyoweza kuwaka. Magari hayo yataongezeka katika barabara ya Kitswamba, na makamanda wa vituo wafanye vyema kutenga mahali pa mabaki yake mapema, kabla ya ajali ya kwanza.