Peptidi katika Krimu za Ngozi: Ishara, Ukuta na Bei

Katika lebo za krimu zinazoahidi kurudisha ujana, neno peptidi limeshika nafasi ambayo zamani ilikuwa ya vitamini. Mhudumu wa afya anayeletewa chupa ya namna hiyo na kuulizwa kama inastahili bei yake hawezi kujibu kwa ndiyo au hapana tu, kwa maana peptidi si kitu kimoja.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, vijenzi vile vile vinavyounda protini. Kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, ni minyororo mirefu mitatu iliyosokotana mfano wa kamba. Inapokatika, iwe kwa jeraha, kwa jua au kwa umri, vipande vyake havikai kimya: baadhi huziashiria seli ziitwazo fibroblasti kwamba kuna ukarabati unaotakiwa. Wanakemia walipata wazo hapo. Ikiwa kipande ndicho ishara, basi ishara yaweza kutengenezwa maabara. Mwaka 1993 watafiti walionyesha kwamba mfuatano wa asidi amino 5 uliotokana na prokolajeni ya aina ya kwanza huzichochea fibroblasti zilizokuzwa katika vyombo vya maabara. Kampuni ya Sederma ya Ufaransa baadaye iliuunganisha mfuatano huo na asidi ya palmitiki, ambayo ni asidi ya mafuta, na kuuza zao lake kwa jina la Matrixyl.

Mafuta hayo yaliongezwa kwa sababu ya ukuta. Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kwa seli zilizokufa, zilizopangwa kama matofali na kushikizwa kwa mafuta. Ni jembamba kuliko karatasi, lakini hupitisha vitu vichache sana. Mwaka 2000 Bos na Meinardi walieleza kanuni ambayo hutajwa mpaka leo: molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 hupenya ngozi nzima kwa shida. Matrixyl ina daltoni zipatazo 800. Asidi ya palmitiki haipunguzi uzito huo, bali huuongeza. Faida yake ni kuifanya molekuli ipatane na mafuta ya ukuta wenyewe.

Je, ishara hufika? Jaribio linalostahili kusomwa lilichapishwa mwaka 2005. Wanawake 93 wenye umri wa miaka 35 hadi 55 walipaka krimu yenye peptidi hiyo upande mmoja wa uso, na krimu isiyo nayo upande wa pili, kwa wiki 12, bila kujua upande upi ulikuwa upi. Upande wa peptidi ulionyesha nafuu katika makunyanzi na mistari midogo. Tofauti ilipimika, lakini haikuwa kubwa, na watafiti walitoka katika kampuni inayouza vipodozi. Jambo hili la mwisho halibatilishi matokeo. Linamtaka msomaji ayapime kwa uangalifu zaidi.

Kiasi kilichotumika nacho kina funzo: sehemu 3 katika sehemu milioni, yaani asilimia 0.0003. Viambato huandikwa katika lebo kuanzia kilicho kingi, na vilivyo chini ya asilimia 1 huweza kufuata mpangilio wowote. Hivyo peptidi inayoonekana mwishoni mwa orodha si lazima iwe udanganyifu. Lakini nafasi yake katika orodha pia haimwambii mnunuzi kama kiasi kinatosha.

Peptidi ya pili maarufu, Argireline kutoka Hispania, ina hoja dhaifu zaidi. Inaiga sehemu ya protini ambayo sumu ya botulinamu huikata ndani ya ncha za neva, na ndiyo maana wauzaji hupenda kuilinganisha na sindano ya sumu hiyo. Ripoti ya mwaka 2002 ilidai kina cha makunyanzi kilipungua kwa hadi asilimia 30 baada ya siku 30, lakini waliojaribiwa walikuwa wanawake 10. Tena botulinamu huingizwa kwa sindano hadi kwenye msuli, ilhali Argireline, yenye daltoni karibu 890, inatakiwa ivuke ukuta, ngozi yote na mafuta yaliyo chini yake. Ulinganisho huo ni wa kibiashara kuliko wa kitabibu.

Ya tatu hubeba shaba. Loren Pickart aliitambua katika plazma ya damu ya binadamu mwaka 1973. Ina asidi amino 3 tu, nayo ni nyepesi kuliko kikomo cha daltoni 500. Wengi huiona yenye kuvutia zaidi kisayansi, ingawa majaribio yake kwenye nyuso za watu ni machache kuliko sifa inazopewa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki liko swali la ziada: ngozi iliyojaribiwa ilikuwa ya nani? Wanawake wale 93 walikuwa Wazungu. Vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 1979 viliipa ngozi nyeusi ya nje kinga ya wastani wa 13.4 dhidi ya miale ya UVB, na ngozi nyeupe 3.4. Kwa hiyo makunyanzi ya jua huchelewa katika ngozi nyeusi, na kinachotangulia kuwaudhi wengi ni madoa na weusi usiolingana. Peptidi hizi hazikubuniwa kwa tatizo hilo. Atakayenunua seramu ya bei kubwa ili aondoe madoa ya mashavuni amenunua jibu la swali jingine.

Vilivyothibitika zaidi havina mvuto wa kibiashara. Huko Nambour, Australia, watu wazima 903 walifuatiliwa kwa miaka 4.5, waliopaka krimu ya kukinga jua kila siku walionyesha kuzeeka kwa ngozi kidogo kwa asilimia 24 kuliko waliopaka kwa hiari yao. Kwa madoa, krimu yenye rangi ya oksidi ya chuma huzuia pia mwanga unaoonekana kwa macho, ambao huchochea weusi. Tretinoini ina ushahidi mzito kuliko peptidi yoyote dhidi ya makunyanzi, ila huwasha, nayo haitumiwi wakati wa ujauzito. Peptidi kwa kawaida haziwashi, na kwa mwenye ngozi isiyostahimili tretinoini hiyo ni sababu halali ya kuzijaribu, akiwa na fedha ya ziada.

Yote haya yanahusu krimu. Unga wa peptidi unaouzwa mtandaoni ili mtu ajichanganyie na kujidunga ni jambo jingine kabisa: sindano hupita ukuta wote, pamoja na uchafu na vijidudu vilivyomo kichupani. Mgonjwa anayetaja peptidi aulizwe kwanza, bila kukaripiwa, kama anapaka au anajidunga. Akisema anajidunga, achunguzwe palipochomwa na aombwe alete kichupa chenyewe.